Kuhama chuo ukiwa unasoma sheria: mambo ya kujua kabla hujafunga begi



Kila vyuo vinapofunguliwa nakutana na maswali yale yale. Mmoja amechaguliwa sheria Dodoma lakini moyo uko Makumira. Mwingine yupo mwaka wa pili Mwanza, mama yake anaumwa huku Tengeru na hakuna mwingine wa kumuuguza. Mwingine anataka kwenda Nairobi semista moja tu "akaone mambo" halafu arudi. Wote wanauliza kitu kimoja: hivi inawezekana?

Inawezekana. Ila kuna watu wanahama kwa miguu wakati karatasi zao zimebaki kule walikotoka. Hao ndio wanaopoteza mwaka, wanapoteza mkopo, na wanapoteza hela ya mzee aliyeuza ng'ombe ili mtoto asome. Ndiyo maana hii nimeiandika ndefu kidogo, kila mtu achukue kipande kinachomhusu.

Mimi mwenyewe chuo bado. Nimemaliza form six hapa hapa Arusha, mchepuo wa HGL, na sasa naandika andika vitu vya kujitegemea. Lakini karibu nusu ya darasa letu waliomba sheria, na kwa kuwa mimi ndiye nashinda kwenye mashine, mimi ndiye natumwa kutafuta taratibu. Nilichokusanya ndicho hiki.

KWA WENYE DAKIKA TANO TU ZA KAFE

- Usiondoke chuo ulichopo mpaka upate barua ya kukubaliwa chuo unachoenda na uhamisho wako uwe umepita TCU.
- Maombi yanaanzia chuo unachotaka kuhamia.
- Mwaka wa kwanza kuna dirisha maalum la uhamisho. Likifungwa, limefungwa.
- Mwaka wa pili na kuendelea shughuli ni krediti: masomo mangapi uliyofaulu yatahesabiwa kule.
- Mkopo haukufuati wenyewe. Unausindikiza.
- Kama unachotafuta ni mahakama za kimataifa za Arusha, unaweza kuja kuzitembelea bila kuhama chuo.

Wenye muda tuendelee.

1. TUELEWANE KWANZA MANENO

Watu wanasema "kuhama" kwa mambo manne tofauti, na kila moja lina njia yake.

Kuhama chuo: unatoka chuo kimoja unaingia kingine na utamalizia huko. Digrii itatoka chuo kipya.

Kuhama kozi: unabaki chuo hicho hicho, unatoka tuseme sosholojia unaingia sheria. Hii inaanzia ndani ya chuo chako, lakini lazima uwe na sifa za kusoma sheria na nafasi iwepo.

Kutembelea: unaenda chuo kingine semista moja au mwaka mmoja kama mwanafunzi mgeni, kisha unarudi kumalizia kwenu. Digrii inabaki ya kwenu.

Kuanza upya: unaacha ulichokuwa unasoma na kuomba tena kama mtu mpya. Aliyedisko yuko hapa. Mtu aliyedisko hahami, anaomba upya kwa masharti ya mwaka huo, na chuo kipya kina haki ya kumuuliza kilichotokea kule.

Jua wewe uko wapi kati ya hayo manne kabla hujaingia ofisi ya mtu. Ukienda kuomba "kuhama" kumbe unataka kutembelea, utazungushwa siku nzima.

2. SHERIA INASOMWA WAPI

Kwa sisi wa Arusha na Meru, chuo cha karibu ni Tumaini University Makumira, pale Usa River, barabara ya kwenda Moshi. Ni chuo cha Kanisa la Kilutheri kilichoanza kwa kufundisha theolojia, na siku hizi kina kitivo cha sheria. Ukiendelea na barabara hiyo hiyo mpaka Moshi, kilomita kama 80 kutoka mjini, kuna Chuo Kikuu cha Ushirika nacho kina shahada ya sheria. Chuo Kikuu Huria wana kituo cha mkoa hapa Arusha, na sheria ni moja ya shahada zao.

Mbali na huku kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe ya Morogoro, Dodoma, SAUT ya Mwanza, Iringa, Ruaha Catholic nayo ya Iringa, na Chuo Kikuu cha Zanzibar. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo hata kutoka Zanzibar kuja bara, au kinyume chake, mwenye neno ni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Kuna kitu kinachanganya watu wa Meru. Vyuo viwili vikiwa na ofisi Usa River au Njiro haimaanishi vyote vinafundisha sheria. Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Humo kila chuo kimeandikwa na kozi zake, sifa za kuingia, idadi ya nafasi na miaka ya kusoma. Fungua hicho kwanza. Kama kozi haimo kwenye kitabu cha mwaka huo, usilipe hata hela ya fomu.

Angalia pia miaka ya kozi. Usidhani kila shahada ya sheria ina urefu sawa. Ukitoka kwenye kozi fupi kwenda ndefu, jiandae kuongeza mwaka, na mwaka mmoja ni ada, chumba na chakula.

3. MWAKA WA KWANZA: DIRISHA LA UHAMISHO

Hapa ndipo wengi wapo, na ndipo rahisi zaidi.

Zamani, kuanzia 2010, maombi ya vyuo yalikuwa yanapita kwenye mfumo mmoja wa TCU. Mwaka 2017 utaratibu huo uliondolewa, na sasa unaomba moja kwa moja chuoni. Ukikuta maandishi ya zamani mtandaoni yanakwambia uingie kwenye ule mfumo wa pamoja kubadilisha chuo, achana nayo. Yamepitwa.

Kabla hata ya kufikiria kuhama, kuna hatua inaitwa kuthibitisha. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, unatumiwa namba maalum na unathibitisha kimoja tu. Hapo ndipo pa kufanya uamuzi. Watu wengi wanaohangaika na uhamisho Novemba ni wale waliothibitisha haraka haraka kwa sababu rafiki yake naye kathibitisha hapo.

Ukishathibitisha na bado unataka kuhama, subiri tangazo la dirisha la uhamisho. Kwa kawaida TCU hulifungua baada ya udahili kukamilika, vyuo vinapoanza. Tarehe zinabadilika kila mwaka na dirisha halikai wazi muda mrefu. Njia ni hii:

(a) Unaomba chuo unachotaka kuhamia, kwa utaratibu wao. Vyuo vingi ni kwenye mfumo wao wa mtandaoni.

(b) Chuo hicho kinaangalia mambo mawili. La kwanza, una sifa? La pili, wana nafasi? Sifa ya chini kwa waliotoka form six ni principal pass mbili zenye jumla ya pointi 4.0 kwenye masomo yanayokubalika, na chuo kinaweza kuongeza sharti lake, kwa mfano Kiingereza cha form four. Waliotoka diploma wanatakiwa GPA isiyopungua 3.0. Kukidhi sifa ya chini siyo sawa na kupata nafasi, maana vyuo vikubwa sheria inagombaniwa.

(c) Chuo kikikubali, kinapeleka jina lako TCU.

(d) TCU ikiridhia, jina linahama kutoka orodha ya chuo cha kwanza kwenda cha pili. Hapo ndipo unafunga begi.

Kati ya (c) na (d) ndipo watu wanapoharibikiwa. Kuna dada mmoja wa mtaani kwetu alipigiwa simu na mtu wa ofisi ya chuo alikotaka kwenda, akaambiwa "njoo tu, mambo yako tayari." Akaenda. Akapanga chumba, akaingia darasani wiki saba, akafanya na majaribio. Mitihani ilipofika jina halimo. Kumbe maombi yake hayakuwa yamepelekwa TCU. Kule alikotoka walishamhesabu mtoro. Mwaka ukaenda, na aliporudi nyumbani ilibidi aombe upya na wadogo zake. Simu haina muhuri jamani. Omba barua.

4. MWAKA WA PILI NA KUENDELEA: KARATASI NA KREDITI

Ukishamaliza mwaka wa kwanza, hoja haiwi tena matokeo ya form six peke yake. Inakuwa: ulichosoma kule kina thamani gani huku?

Tanzania tunahesabu kwa krediti. Krediti moja ni kama saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi: kipindi, semina, kusoma mwenyewe, kuandika kazi za nyumbani. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Kozi ya miaka minne inafika 480.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Umemaliza mwaka wa kwanza na krediti zako 120. Chuo kipya kinachambua somo moja moja, kinakubali 84. Unabaki na pengo la 36. Kama kila somo lina krediti 12, hayo ni masomo matatu utakayotakiwa kuyasoma na mwaka wa kwanza huku ukiendelea na ya mwaka wa pili. Ratiba zikigongana, ndiyo unaongeza mwaka. Kwa hiyo swali la kuuliza siyo "mtanipokea?" Uliza "mtanipokea mwaka wa ngapi, na masomo gani nitayarudia?" Jibu liwe la maandishi.

Kwa nini wasikubali yote? Kwa sababu vyuo vinapanga masomo tofauti. Sheria ya mikataba chuo kimoja inasomwa mwaka wa kwanza wote, chuo kingine imekatwa vipande viwili. Sheria ya katiba kingine kinaweka mwaka wa kwanza, kingine kinachanganya na utawala. Wasipolinganisha, unaweza kufika mwaka wa tatu hujawahi kusoma sheria ya ushahidi. Pia chuo kitakachoandika jina lake kwenye digrii yako kinataka sehemu kubwa ya masomo ya msingi uyasome kwake. Kwa hiyo ukishafika mwaka wa mwisho, sahau kuhama. Tafuta njia nyingine.

Karatasi za kuandaa:

- Barua ya maombi yenye sababu. Sababu iwe ya kweli na ukiweza iwe na ushahidi: cheti cha hospitali, barua ya mwajiri, barua ya mtendaji wa kata.
- Matokeo yako yote ya chuo, yenye muhuri na sahihi. Karatasi uliyochapa mwenyewe kutoka kwenye akaunti yako ya mwanafunzi haitoshi.
- Maelezo ya kila somo ulilofaulu: mada, saa, krediti, namna lilivyopimwa. Hii watu wanaisahau, na ndiyo inayotumika kulinganisha. Iombe kitivoni kwako mapema kabla hujagombana na mtu yeyote.
- Barua ya chuo chako kusema huna kesi ya nidhamu, hudaiwi, na hawana pingamizi uondoke.
- Vyeti vya form four na form six au diploma, na cheti cha kuzaliwa.

Kama una sapu, malizana nayo kwanza. Kuhama na sapu mkononi ni kuhamisha deni: chuo kipya hakiwezi kukufanyia sapu ya chuo kingine, na somo usilofaulu halina krediti ya kuhamisha. Na usiondoke kimya kimya katikati ya semista. Kama hali ya nyumbani ni mbaya, omba kuahirisha masomo kwa maandishi. Aliyeahirisha ana pa kurudi, aliyetoroka hana.

Kwa yule wa mama anayeumwa Tengeru, kuna kitu cha kukiangalia kabla ya chuo cha kawaida: Chuo Kikuu Huria. Unasoma ukiwa nyumbani na kituo kipo Arusha. Nidhamu ya kujisomea inatakiwa kwa sana, na kulinganisha krediti ni kule kule, lakini humuachi mgonjwa.

5. MKOPO NA BUMU

Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2004, inakulipa kwa jina lako, chuo chako na kozi yako. Ukibadili kimojawapo, hesabu zao zinatakiwa kubadilika. Ada ilishatumwa chuo cha kwanza, na bumu linasainiwa na mwanafunzi aliyepo kwenye orodha ya chuo. Kama jina lako halijahamia chuo kipya, huna pa kusaini.

Cha kufanya: siku hiyo hiyo unapopata barua ya uhamisho, nenda kwa afisa mikopo wa chuo unachotoka, akuandike kuwa umehama na hela ipi imekwishalipwa kwa ajili yako. Halafu nenda kwa afisa mikopo wa chuo kipya na nakala. Weka nakala yako pia. Tegemea kukaa wiki kadhaa bila kitu wakati mambo yanahamishwa, kwa hiyo usihame ukiwa na nauli tu mfukoni.

Ukihamia chuo chenye ada kubwa, usitegemee Bodi itajaza tofauti. Kaa na mzazi mpige hesabu ya miaka yote iliyobaki. Mzee wa Meru anaweza kukuuzia kahawa na migomba mwaka huu akakwama mwaka kesho, na mwanafunzi anayedaiwa ada anaweza kuzuiwa kufanya mitihani.

6. CHUO KIKIFUNGWA

Hii ni kuhama kwa lazima, na Arusha tunaijua. Mwaka 2020 TCU ilifuta vibali vya vyuo kadhaa. Kimojawapo kilikuwa Mount Meru University cha hapa kwetu, na kingine ni Chuo Kikuu cha Bagamoyo, ambacho kilikuwa na kitivo cha sheria.

Likikukuta hilo, hauko kwenye dirisha la kawaida. TCU inasimamia wanafunzi wapelekwe vyuo vingine vyenye kozi hiyo. Lakini usikae ukingoja kutafutwa. Chuo kikishafungwa, ofisi zinakuwa na makufuli na aliyekuwa anashika mafaili amerudi kwao. Mwenye nakala za matokeo na maelezo ya masomo ndiye anayepokelewa haraka. Kwa hiyo hata kama chuo chako kiko salama, kila semista chukua matokeo yako yenye muhuri uyaweke nyumbani. Na kabla hujaingia chuo chochote, angalia hali ya kibali chake kwenye orodha ya TCU.

7. KUTEMBELEA: NAIROBI, KAMPALA NA KWINGINE

Wengi hawajui kwamba wanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki waliwahi kuhamia Tanzania kwa lazima. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na kitivo cha kwanza kilikuwa sheria, wanafunzi hawakufika hata 20. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Kwa kuwa sheria ilianzia Dar, Mkenya na Mganda aliyetaka kuisoma alifuata huko. Chuo hicho cha pamoja kilivunjwa 1970 na kila nchi ikabaki na chake. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, shahada yake ya kwanza ya sheria aliipata Dar es Salaam.

Siku hizi njia ni makubaliano ya chuo na chuo. Lipo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, makao yake Kampala, na mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, ili mwanafunzi aweze kutoka nchi moja kwenda nyingine na masomo yake yakatambulika. Tamko zuri, lakini halikuandikii barua. Bado unatakiwa:

- Kuuliza chuoni kwako kama wana makubaliano na chuo unachokitaka. Kama hayapo, kila kitu unajitafutia, na ni kazi.
- Kupata orodha ya masomo utakayosoma kule, iliyosainiwa na kitivo chako kabla hujaondoka, ikisema yatahesabiwa badala ya yapi. Ukirudi ndiyo unaanza kuomba yahesabiwe, umechelewa.
- Pasi ya kusafiria na kibali cha mwanafunzi cha uhamiaji wa nchi hiyo.
- Kujua nani analipa ada wapi.

Chagua masomo kwa akili. Kenya, Uganda na sisi wote tulirithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, kwa hiyo mikataba, madhara na sheria ya kimataifa yanafanana na ni rahisi kuhesabiwa. Ardhi na katiba ni hadithi nyingine. Ardhi yetu inaongozwa na sheria mbili za 1999, ile Na. 4 na ile ya vijiji Na. 5, na ardhi yote ni ya umma chini ya Rais. Kenya mtu anaweza kumiliki ardhi moja kwa moja, na katiba yao ni ya 2010 wakati yetu ni ya 1977. Ukisoma ardhi Nairobi, ukirudi utaisoma tena tu.

Kama unataka kusoma digrii nzima nje, ujue ukirudi lazima TCU iitambue kwanza. Na Mkenya anayekuja kusoma huku, ambaye kwao hakuna form six, apitie NECTA kulinganisha cheti chake cha sekondari. Mara ngapi naona machalii wa Arusha wanavutiwa na Nairobi kwa sababu ni karibu kuliko Dar! Ni kweli, Namanga ni kilomita 110 hivi tu. Lakini ukitaka kuwa wakili wa Tanzania, barabara yako bado itapita Dar, kama utakavyoona hapo chini.

8. KUJA ARUSHA BILA KUHAMA

Sababu mojawapo watu wanataka kuhamia huku ni mahakama. Na kweli, A-town kwa hilo haina mpinzani. Mahakama ya Afrika Mashariki ilizinduliwa Novemba 2001. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia hapa 2007. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliundwa Novemba 1994 na ikafanya kazi AICC mpaka mwisho wa 2015. Humo ndimo, Septemba 1998, mahakama ya kimataifa ilipotoa kwa mara ya kwanza hukumu ya kosa la mauaji ya kimbari, kesi ya Akayesu. Kazi zilizobaki zilichukuliwa na taasisi iliyoanza kazi Julai 2012, majengo yao yapo Lakilaki.

Kuwa mwanafunzi wa Makumira hakukupi ufunguo wa milango hiyo, na kuwa wa Mzumbe hakukufungii. Kuna njia tatu:

Kusikiliza kesi. Mahakama zinasikiliza hadharani isipokuwa kesi maalum. Angalia ratiba kwenye tovuti ya mahakama husika, vaa kiheshima, beba kitambulisho, zima simu. Mahakama Kuu Kanda ya Arusha nayo usiidharau. Ndiko utakakoona kesi za ardhi na mirathi za watu tunaowajua, na ndizo utakazokuja kuzifanya.

Fildi. Vyuo vingi vinapeleka wanafunzi wa sheria kwenye mafunzo ya vitendo. Omba fildi yako uifanyie Arusha: mahakamani, ofisi ya wakili, au mashirika ya msaada wa kisheria. Mahakama za kimataifa nazo huwa na nafasi za mafunzo zinazotangazwa kwenye tovuti zao na zinagombaniwa na watu wa Afrika nzima, kwa hiyo anza mapema.

Kusoma hukumu. Hii unaweza kuianza leo ukiwa kafe. TanzLII wana hukumu za mahakama zetu bure. Za mahakama za kimataifa ziko kwenye tovuti zao, bure pia. Soma moja kwa wiki, uandike nani alimshitaki nani, hoja ilikuwa nini, jaji aliamua nini na kwa nini.

9. MWISHO WOTE MNAKUTANA SEHEMU MOJA

Hili ndilo linanifanya niwaambie watu wasihame kwa ajili ya jina la chuo peke yake. Ukitaka kuwa wakili, baada ya shahada unakwenda Shule ya Sheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya 2007 na kuanza 2008. Aliyesoma Mlimani na aliyesoma Usa River wanakaa chumba kimoja, mtihani mmoja.

Na mtihani huo hauangalii sura. Oktoba 2022 matokeo ya wanafunzi 633 yalitikisa nchi: waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wenye sapu 342, waliofeli 265. Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ichunguze kuna nini. Lawama zilirushwa kila upande, mpaka kwenye vyuo vinavyowaandaa wanafunzi. Lakini wewe mwanafunzi cha kujiuliza ni hiki: huko ninakohamia nitasoma vizuri zaidi, au nitapoteza semista mbili nikikimbizana na mihuri?

Kama jibu ni kwamba utasoma vizuri zaidi, kwa sababu utakaa nyumbani, ada utaiweza, au kozi imekamilika zaidi, basi hama. Kama ni kwa sababu washikaji wako kule, kaa ulipo.

10. MASWALI NINAYOULIZWA SANA

Naweza kuhama kutoka chuo binafsi kwenda cha serikali? Ndiyo, kinachoangaliwa ni sifa, nafasi na krediti. Ushindani tu ndio mkubwa.

Nina diploma ya sheria ya Lushoto, nahamishia wapi mwaka wa pili? Diploma inakuingiza kwenye digrii kwa njia ya udahili. Kukubaliwa masomo fulani yasirudiwe ni uamuzi wa chuo, uliza kabla ya kulipa.

Kuna mtu anasema akipewa "ya chai" anashughulikia uhamisho wangu wiki moja. Kimbia. Hana uwezo wa kuliingiza jina TCU kama chuo hakijakubali, na hela yako hutaiona. Halafu unataka kuwa mwanasheria kwa kuanza na rushwa?

Chuo changu kinakataa kunipa barua. Waulize sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni deni la ada au kitabu cha maktaba. Ukiwa huna deni na bado wanazungusha, peleka malalamiko ngazi ya juu ya chuo, kisha TCU.

Nimekosa dirisha, nifanye nini? Soma ulipo, faulu kila somo, kusanya maelezo ya masomo, uulize chuo unachokitaka kuhusu kuhamia mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza wenye alama nzuri ni barua nzuri kuliko zote.

Wadau waliowahi kuhama, hasa mliotoka vyuo vya mbali kuja Makumira au kituo cha Huria, tupieni hapo chini mlikubaliwa krediti ngapi na ilichukua wiki ngapi. Msitaje majina ya maafisa, tajeni hatua. Kuna mtu yupo Mwanza sasa hivi anasubiri kuyasoma hayo.

Naomba kuwasilisha.